Hiyo Usigundishe

Jumatatu, 4 Machi

Leo wamemaliza kubomoa nyumba ya fundi viatu, jirani yetu wa ukuta mmoja. Wamebakisha uso wa mbele tu, umeegemezwa kwa vyuma, na kila dirisha lake linaonyesha anga. Eti huko ndiko kuhifadhi mji wa kale.

Niliporudi kazini nilikuta nusu ya nyumba yao bado imebaki kwenye ukuta wetu, upande wa nje. Alama za ngazi zinapanda kwenda pasipo na kitu. Rangi ya samawati ya sebule ipo, msumari wa kalenda upo, na huko juu viko vigae vya bafu. Bafu la watu, hadharani, na wapita njia wanalipiga picha. Nilisikia kinyaa, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake uchi.

Shangazi alikuwa dirishani na kikombe chake.

"Miaka yote hiyo namsikia yule bwana akiimba bafuni," akasema, "kumbe vigae vyake vya kijani. Mkewe angekuwa hai ningemtania mpaka akome."

Alicheka peke yake, kisha akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Kitanda chake kimeegemea ukuta huo tangu kabla sijazaliwa. Ni ukuta wa mawe na chokaa, mnene kiasi cha mtu kulala juu yake, na sasa upande wake wa pili ni uwazi mtupu.

Jumanne, 5 Machi

Wameweka bango: ISHI NDANI YA HISTORIA. Watu wa kwenye picha wote wanacheka, wana meno mengi kuliko kawaida.

Ijumaa, 8 Machi

Ninaandika haya kwa sababu nikisema kwa sauti nitatukana.

Mimi ni mtengeneza modeli katika ofisi ya wasanifu majengo. Wao wanachora, mimi ninakata kadibodi na plastiki ngumu, ninajenga mji mdogo wa kukaa mezani, ninapanda miti ya sponji na kusimamisha vijitu virefu kama ukucha. Ofisi yangu ndiyo iliyosanifu lile jengo la vioo linalopanda nyuma ya nyumba yetu tangu mwaka juzi. Ndiyo, ninakula kwa mkono wao. Shangazi analijua hilo na hanisemi, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kunisema.

Mkubwa wangu tunamwita Kioo, kwa sababu ukimpa kazi ya kusanifu kibanda cha kuku atakitia vioo pande zote nne. Nilikuwa nikimheshimu. Mwaka jana alitukusanya akatufundisha habari za kuta za zamani, na alizungumza kwa mapenzi. Alisema ukuta wa chokaa unapumua. Mvua ikinyesha unakunywa, jua likitoka unatema. Ukiupaka saruji, alisema, umemvisha mtu mfuko wa plastiki kichwani. Maji yataingia kwa juu, hayatapata pa kutokea, na chokaa ndani itageuka uji. Nilitoka pale nimelainika kabisa. Nilimwambia Shangazi kwamba lile jengo walau lina msanifu anayejua nyumba ni nini.

Leo amekuja mezani kwangu kuangalia modeli ya awamu ya pili, ile atakayowapelekea madiwani mwezi Mei kuomba kibali. Nyumba za majirani kwa kawaida tunazifanya vitofali vyeupe, bila milango wala madirisha, ili macho yaende kwenye jengo letu. Ya kwetu nilikuwa nimeipendelea kidogo. Niliitoboa madirisha na kuifungia uzi wa kuanikia nguo, na juu ya uzi nikaweka vipande vya karatasi, nguo za Shangazi.

Akacheka. "Nguo toa. Madirisha toa. Na huyu mwenye fimbo hapa njiani, toa pia."

"Ni mpita njia tu, bosi."

"Anazeesha picha."

Nikatoa. Nikachukua gundi nibandike kitofali cheupe mahali pa nyumba yetu, akanishika mkono.

"Hiyo usigundishe. Iache ikae tu."

"Ikianguka?"

"Iache ikae."

Akaenda zake. Nimekaa na neno hilo mchana kutwa, sijui kwa nini linanikera.

Jumamosi, 16 Machi

Nimechefuka. Siwezi hata kula.

Nilikwenda sokoni asubuhi na kurudi mchana nikakuta ukuta wetu wa nje wote ni wa kijivu, kuanzia kwenye paa hadi chini. Ngazi za fundi viatu hazipo, samawati haipo. Ni plasta ya saruji, mbichi, inang'aa kama ngozi ya chura. Mafundi wa kampuni inayojenga lile jengo la vioo walikuwa wanaosha ndoo zao. Kaka alikuwa amesimama chini, mikono kiunoni, uso umemjaa furaha ya mtu aliyepata kitu cha bure.

"Umeona?" akaniambia. "Kampuni imetupa zawadi. Wamesema ukuta umebaki wazi, mvua inakuja, bora waufunike. Nimewakubalia hapo hapo."

"Umemuuliza Shangazi?"

"Shangazi alikuwa amelala. Sasa nimwamshe kumuuliza kama anataka kusaidiwa?"

Kaka anauza simu na vifuniko vyake kwenye kona ya barabara kuu. Tangu mwaka jana anaimba wimbo mmoja, tuuze tuhame, nyumba hii kaburi. Mimi nimemwona ni mtu aliyekwisha kuuza moyoni, amebakiza kutia saini. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Akasema mimi nimesoma mno, kila jema kwangu linanuka. Akaondoka amenuna.

Shangazi aliweka kiganja ukutani, upande wa ndani, juu ya mto wake.

"Ukuta umenyamaza," akasema.

Alifanya kazi ya kuunganisha simu maisha yake yote, mtu wa kusikiliza laini.

Jumatatu, 18 Machi

Nilimfuata Kioo mlangoni kabla hajavua koti.

"Bosi, wametupaka saruji nyumbani. Kwenye ukuta wa chokaa."

"Najua. Niliidhinisha mwenyewe. Ujirani mwema."

"Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba…"

"Nilizungumza kwa ujumla." Alikuwa anaangalia simu yake. "Kila ukuta na hali yake. Usiwe na wasiwasi."

Nimejiambia ni uzembe. Mtu mkubwa, kazi nyingi, amesahau. Nimejiambia hivyo njia nzima nikirudi.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua ya kwanza.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Wameanza kubandika vioo kwenye jengo, kimoja kimoja, kama magamba. Kioo amekuja eneo la kazi na viatu vyeupe, mtu mwingine akimshikia mwavuli.

Jumatano, 3 Aprili

Doa limetokea juu ya kitanda cha Shangazi, ukubwa wa sahani. Nimelipapasa. Ni baridi na linateleza.

Ijumaa, 5 Aprili

Sahani imekuwa sinia.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua siku zote. Rangi inavimba malengelenge na kupasuka, ndani mnatoka maji yenye harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Nilibonyeza ukuta kwa kidole na kidole kikaingia. Nilikitoa kimejaa utope mweupe. Nikanawa mara nyingi na bado nausikia chini ya ukucha. Tumehamisha kitanda katikati ya chumba. Shangazi amelala humo kama mtu aliye kituoni akisubiri usafiri.

"Usiniangalie hivyo," ameniambia. "Ukuta ndio unaoumwa, si mimi."

Lakini anakohoa.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimeelewa, na ninaandika polepole ili nisikosee.

Asubuhi Kioo alinipa kazi ndogo. Nitengeneze bustani: nyasi, miti mitatu, benchi, na mtu mmoja ameketi na mbwa. Nikamuuliza iende wapi, maana modeli imejaa, hakuna hata pa kuweka kijiti.

"Ifanye kipande peke yake," akasema. "Upime kitofali kile, bustani ilingane nacho."

"Kitofali kipi?"

Akanionyesha kwa kalamu. Nyumba yetu.

"Siku ya madiwani nitakitoa hiki na kuweka bustani mahali pake, mbele ya macho yao. Watu wanapenda kuona kitu kikibadilika. Ndiyo maana nilikwambia usigundishe."

"Lakini hiyo nyumba ina watu."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hajasahau chochote. Hakuwa na hasira wala aibu. Alikuwa na huruma ya daktari anayekujulisha hali ya mgonjwa.

"Kwa sasa," akasema. "Zile nyumba hazimalizi mvua moja zikiharibika ukuta. Mnatakiwa mfikirie usalama wa mzee wenu."

Zikiharibika ukuta! Aliyasema kama vile ukuta huharibika wenyewe, kama jino. Mtu huyu alisimama mbele yetu akatueleza jinsi ukuta wa chokaa unavyouawa, hatua kwa hatua, kwa sauti ya mapenzi, kisha akatuma watu waje waue wa kwetu na kutuachia tumshukuru. Kama angekuja na tingatinga ningemchukia tu. Hili la kutuletea kifo na kukiita zawadi linanitia kichefuchefu. Nilikwenda chooni nikafunga mlango. Kisha nikanawa uso, nikarudi mezani na kukata nyasi zake, kwa sababu mikono yangu haijui kufanya kitu kingine.

Naandika jina la kitu hiki nilichokifanya: woga.

Jumatano, 17 Aprili

Mkaguzi wa manispaa amekuja, amegonga ukuta, amebandika karatasi nyekundu mlangoni: HATARI. Tumepewa hadi mwisho wa Mei kuhama. Sijui nani alimwita. Najua nani alimwita.

Ijumaa, 19 Aprili

Kampuni imempigia Kaka. Wana vyumba huko nje ya mji, Shangazi atapelekwa na gari lao. Kaka alikuja na habari hiyo mbio mbio, kalowa chapachapa, akamkuta Shangazi anakunja nguo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunizika?"

"Shangazi, nyumba inaanguka. Nifanye nini, nikae nitazame?"

"Kaa utazame. Wewe si ndiye uliyesimama ukatazama wakiipaka?"

Nikamvuta Kaka ngazini nikamwambia yote. Mafunzo ya mwaka jana, mfuko wa plastiki kichwani, kitofali, bustani, mtu na mbwa wake. Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana tena, na nilikuwa na maneno mapya.

Hakubisha. Aliketi kwenye ngazi, akauliza jambo moja.

"Kwa hiyo ile siku walinicheka?"

"Sijui kama walikucheka."

"Walinipa soda," akasema. "Nilipowakubalia, walinipa soda. Nikaipokea."

Akashuka akaenda kwenye mvua bila kuaga.

Jumapili, 21 Aprili

Mikono yangu imevimba, mwandiko utakuwa mbovu.

Asubuhi mvua ilikatika. Nilikuwa napiga deki niliposikia mlio upande wa pili wa ukuta, ta, ta, ta. Nikafungua dirisha. Kaka alikuwa juu ya ngazi ya kuazima, ndani ya eneo la kampuni, ana nyundo na tindo, anabandua saruji. Mtu wa vifuniko vya simu, shati lake jeupe la Jumapili mwilini. Anapiga vibaya, anajigonga vidole, anatukana, anapiga tena. Pande la plasta likang'oka kubwa kama mlango na kuanguka, na nyuma yake maji yakashuka kama yaliyokuwa yamefungiwa jela.

Nikashuka mbio. Mlinzi wa kampuni alikuwa amesimama getini, filimbi mdomoni, haipigi.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Ni kaka yangu. Na huo ni ukuta wetu."

"Mimi nimeambiwa nisiruhusu mtu kujenga humu."

"Hajengi."

Alifikiri. Kisha akageuza kiti chake, akatupa mgongo na kumimina chai.

Tulifanya kazi hiyo kutwa, Kaka juu, mimi chini, na nyuso zetu zikawa nyeupe kwa tope la chokaa. Lilikuwa linanuka. Lilitiririka hadi ndani ya mikono ya gauni langu, la vuguvugu, kama kitu kilichokuwa hai kikaoza. Sehemu moja, mkabala na kitanda, jiwe lilitoka pamoja na saruji na tundu likatokea. Nikaogopa kwamba sasa tumemaliza kazi ya Kioo kwa mikono yetu. Kisha kwenye tundu likatokea jicho la Shangazi.

"Mnapiga kelele," likasema.

Kaka alicheka mpaka ikabidi ashike ngazi kwa mikono miwili. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tukiwa watoto, na nikaona jinsi nilivyokuwa nimemdharau kwa raha, kwa muda mrefu, kwa kosa la kuchoka na nyumba yenye shida. Nimemwambia. Akasema nimpe nyundo kubwa.

Jioni tumefunika sehemu ya juu kwa turubai ili mvua isiingie, tukaacha pembeni wazi ukuta upate upepo, na ndani tumeegemeza magogo ya kukodi. Ukuta uko uchi tena. Alama za ngazi za fundi viatu zimerudi, na vigae viwili vya kijani.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua, kisha jua. Nilimkuta Shangazi ameweka kiganja ukutani.

Alhamisi, 2 Mei

Kampuni imeleta barua ya kututisha. Kaka ameifunikia ndoo ya maji.

Jumatano, 8 Mei

Doa limepungua: lilikuwa limefika mkeka, sasa limerudi sinia. Halitoi maji. Kikohozi kimepungua.

Ofisini Kioo ananisalimu kwa upole mno. Anajua kuhusu nyundo. Anasubiri tarehe ya karatasi nyekundu ifike, na mimi nasubiri modeli yake ikamilike.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemaliza modeli. Mikono inanuka gundi, ile ya makopo mawili ambayo unachanganya na haibanduki hata kwa kisu.

Jumanne, 14 Mei

Madiwani walikaa kuzunguka meza, Kioo amevaa suti ya kijivu. Alizungumza vizuri. Alisema historia, alisema heshima, alisema mwanga. Mimi nilisimama ukutani na kitambaa cha kufutia vumbi.

"Na sasa, waheshimiwa, awamu ya pili," akasema. Mkono mmoja ulishika kipande cha bustani, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine akaishika nyumba yetu kwa paa.

Haikutoka.

Alitabasamu, akavuta tena. Alikuwa na aibu ya mtu aliyevuta mlango wa kusukuma. Akaweka bustani mezani, akashika kwa vidole vyote. Mji mzima ukainuka upande mmoja, barabara, miti, uso wa nyumba ya fundi viatu, na lile jengo la vioo, ambalo nililibandika kwa gundi ya kawaida, likang'oka na kulala chali kwenye makaratasi ya diwani mmoja mama mtu mzima. Vijitu vikamwagika mpaka sakafuni. Nyumba yetu ilibaki mahali pake.

Yule diwani aliliondoa jengo juu ya makaratasi yake kwa ncha za vidole, kama mtu anayeondoa kitu kilichodondoshwa na ndege. Akaangalia kitofali.

"Hii ya nani inayong'ang'ania hivi?"

"Ni gofu, mheshimiwa," Kioo akasema. "Haina mtu."

Nilikuwa nimepanga kukaa kimya. Nilitaka gundi iseme, mimi nisiseme. Lakini alipolitamka lile *haina mtu* kwa sauti ileile ya mapenzi, nikaweka kitambaa juu ya meza yao.

"Ni ya shangazi yangu. Yumo ndani sasa hivi, anapika. Tukitoka tutamkuta."

Hakuna aliyecheka. Nikaeleza yote, mbele ya Kioo, kuanzia somo la mwaka jana hadi saruji. Aliokota vijitu, kimoja kimoja, akiviweka kiganjani.

Walipotoka akanijia.

"Nilikwambia usigundishe."

"Uliniambia."

Sina kazi tena.

Alhamisi, 16 Mei

Yule diwani amekuja mwenyewe, pamoja na mkaguzi aliyebandika karatasi. Mkaguzi aligonga ukuta, akaupapasa, akachungulia kwenye tundu.

"Nani amebandua saruji?"

"Mimi," Kaka akasema. "Niliyekubali ibandikwe."

Akaandika muda mrefu, kisha akaibandua karatasi nyekundu mlangoni akaikunja mfukoni. Tuzibe tundu kwa chokaa mvua zikiisha, amesema, na magogo yabaki mpaka hapo. Kibali cha awamu ya pili kimesimamishwa. Kimesimamishwa, hakijakataliwa; nimemuuliza mara mbili. Jengo la vioo lenyewe halina wa kuligusa.

Jumapili, 26 Mei

Mvua zimeisha. Vioo vimekamilika, vimesimama mbele ya dirisha la Shangazi kutoka chini hadi mbinguni, na alasiri vinamrudishia jua machoni. Nilidhani kushinda kungeniondolea kinyaa.

Tumekirudisha kitanda ukutani. Kaka ameziba tundu, vibaya, kiraka kinaonekana. Leo wanaletwa wanunuzi wa kwanza kuangalia vyumba, na tangu asubuhi magari meusi yanaingia.

Shangazi ameona magari, akaniita.

"Nifungie kamba. Kutoka hapa dirishani mpaka kwenye kile chuma chao."

"Kile ni cha kampuni, Shangazi."

"Ndiyo maana nimesema chao."

Nikafunga. Akatoa kila alichofua juma zima: mashuka, mataulo, magauni ya kulalia, na chupi zake kubwa nyeupe za miaka nenda miaka rudi. Akazianika moja baada ya nyingine bila haraka, vibanio mdomoni. Mimi niliangalia upande wa pili. Kioo cha kwanza kikazionyesha, na cha juu yake, na cha juu ya hicho, mpaka jengo zima, lote alilolisanifu kwa mwanga na heshima, halikuwa na kitu kingine usoni ila nguo za Shangazi.

Huko chini watu waliovaa vizuri walikuwa wameinua vichwa.

"Zikauke zisikauke, zikae hapo hapo," Shangazi akasema, akafunga dirisha nusu. "Kesho nitafua mablanketi."